Je, wajua kwa nini Mmarekani Pete Sampras hakuwahi kucheza fainali ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Paris yanayochezwa kwenye udongo?

Ukipitia majina ya wanaume waliocheza fainali pale Paris kuna mtu utamtafuta weee na hutamuona. Pete Sampras kastaafu na mataji makubwa 14, Wimbledon peke yake, kule London kwenye viwanja vya nyasi, kabeba 7, ila Roland Garros hata kuigusa fainali hajawahi. Mbali kabisa alikofika ni nusu fainali ya 1996, Mrusi Yevgeny Kafelnikov akamchapa seti tatu kavu, na seti ya pili ikaisha 6-0! Mjerumani Boris Becker naye mulemule, kafika nusu fainali 3 basi, na kwenye udongo hakupata taji hata moja maisha yake yote, si Paris tu, popote. Halafu angalia bingwa wa 1995 ni nani, Thomas Muster wa Austria, jamaa ambaye Wimbledon hajawahi kushinda mechi hata moja.

Mchawi ni sakafu. Kwanza ule tunaouita udongo wala si udongo hasa, chini kuna mawe, kokoto, halafu chokaa nyeupe iliyoshindiliwa, na juu kabisa ndo wanamwaga vumbi la matofali yaliyosagwa, unene wake ni milimita moja au mbili tu hivi. Hako kavumbi ndo kanaharibu mipango ya watu, maana mpira ukitua unakwaruza, unakamatwa, spidi inapungua halafu unadunda juu zaidi. Kwenye nyasi mpira wa kuanzisha ukipigwa kwa nguvu unateleza chini chini na mpokeaji anauona umeshapita. Kwenye udongo mpira uleule unamfikia umechoka, uko usawa wa bega, ana muda wa kujipanga. Sasa Sampras na Becker maisha yao yalikuwa kuanzisha kwa nguvu, kukimbilia wavuni, kumaliza kazi kwa mipira miwili mitatu. Ukikimbilia wavuni mwenzako akiwa na muda wa kuchagua pa kukupitisha, umekwisha.

Na kuna suala la miguu. Kwenye udongo husimami ghafla, unateleza huku unapiga, na hiyo watoto wa Hispania na Argentina wanajifunza wangali wadogo. Sampras kakulia California kwenye viwanja vigumu. Ndo maana fainali za 1994, 1998 na 2002 zilikuwa Mhispania kwa Mhispania, na 2004 ikawa Muargentina kwa Muargentina, Gastón Gaudio na Guillermo Coria. Hiyo ya 2004 mimi huwa siichoki, Coria kaongoza seti mbili, misuli ikaanza kumkaza, akafika seti ya tano na bado akapata nafasi mbili za kumaliza mechi, akakosa zote, Gaudio akachukua 8-6.

Mhispania Rafael Nadal yeye alichukua kila kitu ambacho udongo unakipenda akakiweka kwenye mkono mmoja wa kushoto. Mpira wake ulikuwa unazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, ukitua unaruka juu kama umekanyaga springi, na kwa vile anatumia kushoto ulikuwa unaangukia bekihendi ya Roger Federer, yaani pigo la upande wa kushoto analopiga kwa mkono mmoja, tena juu ya bega ambako ni mateso kuupiga. Wamekutana fainali 4, Nadal kashinda zote, ile ya 2008 ilikuwa 6-1, 6-3, 6-0, na hapo tunamzungumzia Federer ambaye alikuwa namba moja duniani! Jumla Nadal kacheza fainali 14 na kubeba 14. Federer alipata taji lake moja 2009, mwaka ambao Robin Söderling alikuwa ameshamtoa Nadal mapema.

Pumzi nayo usiisahau, rali, yaani kurudishiana mpira mpaka mmoja akosee, ni ndefu kwa hiyo mechi haziishi. Fainali ya 2025 Carlos Alcaraz na Jannik Sinner walicheza masaa 5 na dakika 29, ndefu kuliko fainali zote za pale, na Sinner alikuwa na nafasi 3 za kumaliza kwenye seti ya nne zikamponyoka.

Ila wapo waliokimbilia wavuni na wakafika fainali. John McEnroe 1984 aliongoza seti mbili akapinduliwa na Ivan Lendl, Stefan Edberg 1989 akafungwa na Michael Chang, dogo wa miaka 17. Aliyefanikiwa kweli ni Mfaransa Yannick Noah 1983, kijana aliyekulia Yaoundé, baba Mkameruni, huko ndo Arthur Ashe, mcheza tenisi maarufu wa Marekani, alimuona akiwa mtoto na kumtafutia njia ya kwenda Ufaransa. Siku ya fainali alikataa kabisa habari za rali ndefu, kila akiona upenyo yuko wavuni, akampiga bingwa mtetezi Mats Wilander seti tatu kavu. Miaka mitano baadaye Henri Leconte akafika fainali dhidi ya Wilander huyo huyo, naye akapigwa tatu kavu, na mpaka leo hakuna Mfaransa mwingine aliyecheza fainali ya wanaume pale nyumbani kwao.