Erthi yako inawasha taa lakini haikati umeme

"Fundi, erthi ninayo, nondo ile pale nje." Hii sentensi nimeichoka, nondo ikiwa ni kile chuma kilichochimbiwa ardhini ili kiwe erthi. Juzi tena, karakana moja ya samani huku Keko, jamaa ana msumeno wa mezani bodi yote chuma, ukiushika mkono ukiwa na jasho unakutekenya, namwambia zima kwanza hiyo mashine, ananijibu nondo ipo na fundi aliyeifunga aliipima kwa taa ikawaka. Basi nimeamua kuandika, nikiulizwa tena natuma linki naendelea na kazi.

Ya haraka kwanza. Kahawia moto, bluu nyutro, kijani-njano erthi, nyumba za zamani nyekundu moto na nyeusi nyutro. Mashine ya mtumba ya Marekani nyeusi ndo moto, nyeupe nyutro, na nyingi ni za volti 120 kwa hiyo ukiichomeka ya hivyo kwetu kwenye 230 utaiunguza kabla hata hatujaanza kuongelea shoti. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote, ikibaki imejiviringisha na msumeno unavuta, waya unajipika. Na usiniambie ekstensheni ina matundu matatu kwa hiyo ina erthi, fungua plagi yake uone, nyingi za bei ya chini ndani zina nyaya mbili tu, tundu la tatu urembo.

Sasa nondo. Huku kwetu kwa kawaida Tanesco wanakuletea nyaya mbili, moto na nyutro, erthi unajichimbia mwenyewe. Maana yake waya wa moto ukichubuka ndani ya mota ukagusa bodi, umeme unapita waya wa erthi, unashuka kwenye nondo yako, unatembea ardhini mpaka kwenye erthi ya transfoma ndo urudi. Na ardhi sio waya, ina upinzani. Tuseme nondo yako ina omu 50 (omu ni kipimo cha upinzani), ambayo kwa mchanga mkavu wala sio mbaya sana, na upande wa transfoma tuseme omu 5. Gawa 230 kwa 55, unapata ampia 4 na kidogo. Breka yako ya ngapi? Ya 20. Ampia 4 ni pasi ya kawaida tu, breka ya 20 haina habari nayo, itakaa hivyo hivyo mpaka Krismasi. Na muda wote huo zidisha hizo ampia kwa omu 50 za nondo, bodi ya msumeno ina volti kama 209 ukilinganisha na ardhi unayokanyaga. Erthi ipo, imefungwa vizuri kabisa, na msumeno una volti mia mbili na ushee.

Hapa ndo wanaanza, ooh weka chumvi, weka mkaa, mwagia maji. Haya, umemwaga, imeshuka mpaka omu 10. Gawa 230 kwa 15, ampia 15. Breka ya 20 bado imelala! Breka ya 20 ya aina C ili ikate papo hapo inataka kati ya ampia 100 na 200, yaani njia nzima, nondo na ardhi na transfoma, jumla iwe omu 1 na kidogo au 2 ikikupendelea. Kwa nondo ya futi 4? Labda uchimbie meli.

Na hiyo kupima kwa taa, jamani. Balbu ya wati 60 ya zamani inataka ampia 0.26 tu. Ukiichomeka kati ya moto na nondo yenye omu 100 bado inapata volti zaidi ya 200, inawaka vizuri, fundi anapiga picha anaondoka. Kilichothibitishwa hapo ni kwamba ampia robo inaweza kupita ardhini. Hakuna aliyeuliza kama breka itakata.

Kinachokata ni RCD, swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30. Inalinganisha umeme unaotoka kwenye moto na unaorudi kwenye nyutro, ukipungua kidogo tu inajua kuna unaopitia njia za panya, inakata. Ile ampia 4 ambayo breka iliidharau, kwa RCD ni nyingi kupita kiasi, hata nondo mbovu ya omu 200 ingetosha kuiangusha. Lakini msije mkakimbilia upande wa pili mkang'oa nondo, maana hilo nalo nimeshalisikia. Kukiwa na erthi, RCD inakata sekunde ileile waya unapogusa bodi. Bila erthi inasubiri mpaka mtu aguse, wewe ndo unakuwa nondo. Na kile kitufe cha T kinapima RCD yenyewe tu, kitakata hata kama waya wa erthi umeshaliwa na panya.

Wapo wajanja wanaounganisha erthi na nyutro ndani ya plagi, eti nyutro si inaenda ardhini. Siku nyutro ikikatika huko nyuma, umeme unapita kwenye mota unarudi kwenye bodi na mashine haiungurumi hata kidogo, unaiinamia kuangalia kwa nini haizunguki, umeishika kwa mikono miwili. Sitaki kulijadili hili.

Nisijifanye RCD haina shida lakini. Ukishika moto mkono huu na nyutro mkono ule, yenyewe inaona ni mzigo kama mzigo mwingine, haikati. Mota za zamani zilizojaa vumbi na unyevu zinavujisha kidogo kidogo, masika RCD inakata kila asubuhi mpaka bosi anaagiza irukwe, na mara nyingine hata nikiifungua mota siwezi kukuonyesha kwa kidole inavuja wapi. Alafu kuna jenereta ndogo. Nyingi nyutro yake haijaunganishwa popote, shoti ya kwanza kwenye bodi haina njia ya kurudi, RCD inabaki inaangalia. Ukiunganisha nyutro na fremu kabla ya RCD inafanya kazi, ila siku mtu akiichomeka jenereta hiyo kwenye wayaringi ya nyumba umeleta tatizo jipya. Mimi naunganisha pale tu penye chenji-ova, ile swichi ya kubadilisha kati ya Tanesco na jenereta, inayokata moto na nyutro vyote viwili, kwingine nabaki nakuna kichwa.

Msumeno wa mkononi wenye alama ya kisanduku ndani ya kisanduku, huo una insulesheni mara mbili, kuwa na nyaya mbili ni sawa, usiulazimishie erthi. Ufungie plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13, pini ya erthi iache tupu, na uache kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti. RCD bado unaihitaji, kwa sababu msumeno wa mkononi siku yoyote unaweza kukata waya wake wenyewe.