Ng'ombe wako amekula kilo ngapi leo?

Mwezi wa nane, ukipita kwa wafugaji wa Uyui au Sikonge, mkoani Tabora, utasikia lalamiko lilelile: "Nyasi zinafika kiunoni, mbona maziwa yamekata?" Mimi ni mtafiti wa malisho, na jibu langu ni kwamba nyasi zilizopo si sawa na nyasi zinazolika.

Majani mabichi wakati wa mvua ni maji kwa robo tatu au zaidi, kwa hiyo tunahesabu uzito mkavu tu. Chukua ng'ombe chotara wa kilo 350. Ili kukadiria ulaji wake, gawanya 120 kwa asilimia ya nyuzinyuzi iliyomo kwenye nyasi. Nyasi changa zenye nyuzinyuzi asilimia 60 zinakupa 2, yaani asilimia 2 ya uzito wake: kilo 7 kavu, kama kilo 35 mbichi. Nyasi hizohizo zikikomaa hadi asilimia 75, makadirio yanashuka hadi kilo 5.6. Tumbo limejaa majani magumu yasiyoondoka upesi, na mfugaji akiliona limetuna anadhani mnyama ameshiba vizuri. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Njia ya pili haihitaji maabara. Simama karibu na ng'ombe alfajiri, sikiliza anavyokata majani, uhesabu kwa dakika moja. Akikata mara 50, kwa saa nane za kula ni mara 24,000. Kila mkato ukiwa na gramu 0.3 kavu, amepata kilo 7.2. Nyasi zikiwa fupi na mkato ukashuka hadi gramu 0.2, anaambulia kilo 4.8. Atajaribu kufidia kwa kula muda mrefu zaidi, lakini lazima pia acheue na apumzike. Na wewe ukifungua zizi saa tatu asubuhi, umeshamnyima saa zake bora, kwa sababu hula kwa bidii alfajiri na jioni, jua likiwa halijakaza.

Kwa kundi zima, tengeneza fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita. Kata na upime nyasi za ndani yake sehemu kadhaa kabla ya kulisha, kisha baada ya kulisha. Tofauti ya uzito mkavu ikiwa gramu 120, zidisha kwa 4, upate gramu 480 kwa mita ya mraba. Kausha sampuli mpaka uzito usibadilike.

Kiangazi, protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyasi navyo vinakosa chakula. Mashudu kidogo ya pamba au alizeti yanavipa nguvu, na ng'ombe anazila zaidi nyasi zilezile alizokuwa akiziacha.