Je, wajua mashamba ya mawe ya Engaruka yalipata wapi udongo wake?

Wasafiri wengi wanaotoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron huipita Engaruka vioo vya gari vikiwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Si kosa lao sana, maana kutoka barabarani hakuna cha kumsimamisha mtu. Engaruka Chini ina maduka machache kando ya njia, na Engaruka Juu imejibanza chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli. Hata magazetini siku hizi jina hili hutajwa zaidi kwa ajili ya magadi soda yaliyoko bondeni.

Ukishuka garini na kutembea kidogo kutoka Engaruka Juu, utaanza kukanyaga shamba la watu wa kale. Ni eneo la kilometa za mraba zipatazo 20, lililokatwa vipande kwa mistari ya mawe, likasawazishwa na kupitishiwa mifereji. Lililimwa kuanzia karne ya 15 hivi hadi kwenye karne ya 18. Saruji hakuna, chokaa hakuna; ni mawe ya volkeno yaliyopangwa kwa mikono, na mengine bado yamekaa pale yalipowekwa.

Sasa hapo ndipo penye fumbo. Mvua ya bonde hili ni haba mno, na ardhi yenyewe ni mawe matupu. Mkulima mwenye akili timamu alifuata nini hapa?

Alifuata maji, na maji yanatoka juu. Nyuma ya ule ukuta wa Bonde la Ufa kuna nyanda za juu za Ngorongoro, zenye misitu inayonasa mawingu na mvua ambazo bonde halizipati. Maji hayo hushuka kwa makorongo. Mto Engaruka hutiririka hata wakati nyika nzima imekauka, ilhali vijito jirani siku hizi huonekana msimu wa mvua tu. Mto ukishatoka korongoni hauendi mbali, hupotea kwenye mchanga. Kwa hiyo mkulima alilazimika kuuwahi palepale mdomoni mwa korongo, akachepusha maji na kuyapitisha kwenye mifereji iliyokumbatia mteremko. Kazi hiyo inataka jicho zuri. Mfereji ukishuka kwa kasi, maji huuchimba na kuubomoa. Ukilala mno, hujaa tope na kuziba. Watu hawa walipima mwinuko kwa kuyatazama maji yenyewe yanavyokwenda, na mifereji yao ilifika mbali.

Kwa muda mrefu maelezo yaliishia hapo, kana kwamba maji yalikuja kumwagilia mashamba yaliyokuwa tayari. Uchimbaji wa wanaakiolojia wa miaka ya 2000, akiwemo Daryl Stump, ulionyesha jambo la kuvutia zaidi. Sehemu ya mashamba haya yalitengenezwa na maji. Mto ukifurika hubeba mchanga na tope kutoka milimani. Mkulima akijenga ukuta mfupi wa mawe kuyakinga maji hayo, mwendo hupungua, mchanga mzito hutua kwanza, kisha udongo laini hutulia juu yake. Msimu mwingine anaongeza mawe, na udongo unapanda tena. Mwisho wa yote anapata kipande tambarare chenye udongo mzuri mahali ambapo zamani palikuwa na changarawe tu. Ukikata shimo kwenye shamba la namna hiyo, unaona tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari.

Kwa mtazamo huo, mawe yalikuwa na kazi nyingi. Yaliondolewa njiani ili jembe lipite, yakawa kuta za kunasa tope, yakawa kingo za mifereji, na yaliyozidi yakarundikwa. Marundo hayo bado yapo, na kuna waliodhani ni makaburi. Mimi nadhani anayelima kwenye mawe asingehitaji kuambiwa: ukiyaokota, lazima uyaweke mahali.

Jambo hili linasaidia pia kujibu swali la nani aliamrisha kazi kubwa namna hii. Mjerumani Gustav Fischer alipopita mwaka 1883 alitaja magofu ya mawe. Hans Reck akafika mwaka 1913. Na Louis Leakey, mwaka 1935, akakadiria kwamba paliishi watu 30,000 hadi 40,000. Likazuka wazo la mji mkubwa uliopotea. Watafiti waliofuata, Hamo Sassoon miaka ya 1960 na John Sutton baada yake, walishusha hesabu hiyo hadi watu elfu kadhaa. Mashamba yote hayakulimwa kwa mara moja. Watu waliongeza kipande hapa, wakaacha kingine pale, vizazi kwa vizazi, kwa kufuata maji yalipo. Hapahitajiki mfalme wa kupiga ngoma ili shamba la namna hiyo likue, ingawa walihitajika wazee wa kugawa zamu za maji. Mfereji mmoja ukitumiwa na kaya nyingi, ugomvi hauko mbali.

Nyumba zao hazikuwa shambani. Waliishi kwenye vijiji saba vilivyopanda mteremko wa chini wa ule ukuta wa Bonde la Ufa, kila nyumba juu ya kijukwaa kilichochongwa mlimani na kuegemezwa kwa mawe. Ardhi tambarare ilikuwa ya chakula. Mbegu za mtama zilizoungua zimepatikana kwenye uchimbaji, na kuna maboma ya mawe ambayo wataalamu wanayaona kuwa mazizi. Ng'ombe waliofungiwa zizini wanatoa samadi, na shamba lisilopumzika linaihitaji.

Kwa nini waliondoka? Inawezekana vijito vilipungua, kwa kuwa mifereji mingine inaanzia kwenye makorongo ambayo leo ni makavu. Wengine wanaona udongo ulichoka, na wengine wanahusisha kuondoka huko na kuenea kwa wafugaji wa Kimaasai. Naona sababu ya maji ina uzito zaidi, kwa sababu shamba linalotegemea vijito kadhaa haliwezi kubaki lilivyo vikibaki kimoja. Ufundi wenyewe haukupotea Afrika Mashariki: Wasonjo wa magharibi mwa Ziwa Natron bado humwagilia kwa mifereji na kugawana maji kwa taratibu za wazee, na Wachaga wana mifereji yao, iitwayo mifongo, Kilimanjaro. Hata Engaruka Juu ya leo inalimwa migomba, mahindi na maharage kwa maji ya mto uleule.

Kutembelea magofu hakuhitaji maandalizi makubwa. Unahitaji viatu imara, maji ya kunywa na mwenyeji wa kukuongoza, kwa kuwa bila yeye utavuka mfereji wa miaka 400 ukidhani ni mtaro wa mvua. Anza korongoni ambako mto unatoka, kisha shuka na mifereji hadi mashambani, halafu panda kwenye vijukwaa vya nyumba. Ukiwa huko juu, mistari ya mashamba inasomeka vizuri zaidi. Usihamishe jiwe hata dogo: mtafiti hutegemea mahali lilipo ili ajue lipi liliwekwa kwanza.

Mwenye miguu ya kazi aendelee kaskazini hadi Ol Doinyo Lengai, wenye urefu wa mita 2,962, mlima mtakatifu kwa Wamaasai. Ndio volkeno pekee duniani inayojulikana leo kutoa lava ya magadi, isiyo moto kama lava nyingine, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya kukutana na unyevu. Hupandwa usiku ili kukwepa jua, na mteremko wake hauna huruma. Chini yake, Engare Sero, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizobaki kwenye majivu ya volkeno yaliyoganda, zenye umri wa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Heroe wa Natron wako hatua chache mbele.

Kwa Engaruka yenyewe, chagua Julai hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka, na ufike asubuhi na mapema au jua likielekea kuzama. Mwanga wa pembeni huzipa kuta fupi vivuli, na mistari hujitokeza. Saa sita mchana utaona mawe tu.