Gari la kwenda lipo, la kurudi je?

Ukiwauliza watu wa vijiji vya Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, kama wana usafiri, wengi watakujibu wanao. Kuna Hiace inayopita alfajiri, kuna Noah, na bodaboda ziko kila kona. Siku hizi nauliza swali jingine: ukienda wilayani asubuhi, shida yako ikaisha saa nane mchana, unalala wapi? Watu hutazamana, kisha mmoja hucheka: "Kwa shemeji."

Kwa sisi tunaofanya kazi ya mipango ya usafiri, jibu hilo linasema mengi kuliko idadi ya magari. Gari linalotoka kijijini saa kumi alfajiri linamfaa anayewahi basi la Dar es Salaam. Mama mwenye kliniki, mzee anayefuata dawa za presha, mkulima anayeitwa benki kwa sababu jina lake limekosewa kwenye malipo ya korosho, hao wanahitaji kufika saa mbili asubuhi na kugeuza mchana huohuo. Lakini gari la kurudi linasubiri lijae, na lisipojaa dereva anazima injini. Safari ya saa moja inakula siku mbili, na juu ya nauli kuna chakula cha mjini, kuna aibu ya kumlemea mwenyeji, kuna palizi iliyolala shambani.

Tusianze kwa kumlaumu dereva. Tufanye hesabu yake. Viwango vilivyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, mwishoni mwa 2023 viliweka Sh48.47 kwa kilomita kwa kila abiria wa basi la daraja la kawaida kwenye lami. Chukua kijiji kilicho kilomita 30 kutoka mjini, na Coaster ya viti 25. Ikijaa, safari moja inaingiza kama Sh36,000. Ikiwa na abiria 6 haifikishi Sh9,000. Tuseme kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde gari hilo linakula lita moja kila kilomita 5, na dizeli ni Sh3,000 kwa lita: hapo mafuta peke yake ni Sh18,000, kabla hujamlipa kondakta wala kugusa tairi na springi. Hata ukiongeza nauli kidogo kwa kuwa barabara ni ya vumbi, si lami, abiria 6 hawanunui mafuta ya safari.

Halafu kuna msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, kila mtu ni abiria, na magari yasiyoonekana mwaka mzima yanajitokeza. Ikifika Machi pesa zimekwisha, mvua ni nyingi, na mwenye gari anatafuta njia nyingine. Barabara nazo zina tabia zake. Juu uwandani mchanga husumbua zaidi kiangazi, mvua kidogo huushikanisha. Ukishuka bonde la Ruvuma unakutana na mfinyanzi ambao mvua hiyohiyo huugeuza utelezi. Barabara kuu ya Dar es Salaam ilipokatika maeneo ya Somanga, Lindi, Mei 2024, taifa zima lilipata habari. Njia ya kijiji ikikatika, anayejua ni yule aliyebaki na mgonjwa ndani.

Wazee wa Nachingwea watakukumbusha kwamba kusini kuliwahi kuwa na reli. Wakoloni Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga, pamoja na bandari ya Mtwara. Mradi ulikufa 1951, reli ikasota bila mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Usafiri uliojengewa zao moja huondoka na zao hilo, na sioni kwa nini Hiace ya msimu wa korosho iwe tofauti.

Ninachowashauri viongozi wa vijiji na halmashauri ni kutafuta saa kabla ya kutafuta gari. Nikisema saa nina maana ya safari inayoondoka mjini muda unaojulikana, imejaa au haikujaa. Si lazima iwe kila siku. Rudi kwenye hesabu yetu: abiria 6 kwa siku, siku 6 za wiki, ni watu 36. Wakijua kwa hakika kwamba basi lipo Jumanne na Ijumaa, wengi watasogeza shida zao ziangukie siku hizo. Kama wote watafanya hivyo, kila safari itakuwa na watu 18 na kuingiza kama Sh26,000. Mafuta yamelipwa, na pengo lililobaki ni dogo. Siku za kliniki na za gulio zinaweza kupangwa zifuate basi. Hilo ni kikao kimoja tu kati ya zahanati, kijiji na mwenye gari.

Pengo lililobaki lazima mtu alijaze, na hapa ndipo neno "umma" linapopata maana. Uingereza walipoachia huru biashara ya mabasi nje ya London kwa sheria ya 1985, bado halmashauri zao zilibaki na uwezo wa kulipia njia ambazo soko halizitaki. Kwetu wazo la kumlipa mwenye gari binafsi kwa safari yenye manufaa kwa jamii si geni pia: mfumo wa m-mama, unaopigiwa namba 115, hutumia madereva wa jamii kumfikisha mjamzito au mtoto mchanga hospitali pale gari la wagonjwa lisipopatikana, na safari hiyo hulipwa. Njia nyingine ni leseni. Kwa kuwa leseni ya basi hutaja njia litakayopita, anayetaka njia nono ya Newala hadi Mtwara mjini angeweza kupewa kwa sharti la kuhudumia pia njia moja ya kijijini.

Kuna wanaokimbilia kununua gari la kikundi, kwa mkopo wa asilimia 10 ya halmashauri au kupitia chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Sipingi, ila ningengoja. Gari jipya kwenye njia isiyo na saa litaishia kusubiri lijae kama yale mengine.

Anzeni na daftari. Mkutano wa kijiji umchague mtu mmoja pale kituoni aandike: siku, saa ya kuondoka, shida inayompeleka mtu, nauli ya kwenda na ya kurudi, na kama alirudi siku hiyohiyo au alilala. Majina hayahitajiki. Chukueni wiki moja ya Novemba na moja ya Machi, maana mkipeleka ya Novemba peke yake mtaambiwa magari yapo tele. Kisha diwani aliingize kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala iende ofisi ya LATRA ya mkoa.