Kimbunga kikipita kusini ya Unguja, bandari ya mjini hukosa kinga

Taarifa ya kimbunga ikitoka, swali la kwanza la wengi ni kasi ya upepo. Mimi kwanza hutazama kitovu kitapita upande gani wa kisiwa.

Vimbunga vya upande wetu wa ikweta huzunguka kwa kufuata mishale ya saa. Kitovu kikiwa mashariki yetu, upepo hutujia kutoka kusini, na rahisi kudhani kusi limewahi kuanza. Kikiendelea hadi usawa wa kisiwa cha Mafia, kusini yetu, upepo hugeuka: kusini-magharibi, magharibi, mwisho kaskazini-magharibi. Hapo ndipo penye hatari. Vyombo vilivyotia nanga Malindi, bandari ya mjini, hukingwa na kisiwa chenyewe wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Magharibi hakuna kinga ila visiwa vidogo kama Changuu na Bawe. Nanga iliyotiwa kwa ajili ya kusi huvutwa kwa upande isiotegea, ikang'oka, na chombo kikasukumwa pwani. Kitovu kikipita kaskazini yetu, upepo huzungukia mashariki, na zamu ya kupigwa huwa ya Paje na Matemwe, pwani ya mashariki.

Kipimo cha kukijua kilipo: uelekee upepo, kitovu kipo mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo.

Kuhusu kuzaliwa kwake, bahari iwe na joto la nyuzi 26.5 au zaidi, tena si juu tu, bali hadi kina cha mita 50 hivi. Upepo mkali huvuruga maji na kupandisha ya chini; yakiwa baridi, kimbunga hujinyima chakula. Mvuke ukigeuka matone ya wingu, kila kilo huachia kilojuli 2,400 hivi za joto. Joto hilo hupandisha hewa, mgandamizo wa chini hupungua, na hewa ya pembeni huingia kwa kasi. Pepo za juu na za chini zisipishane sana, la sivyo mnara wa mawingu hukatika. Pia lazima mzunguko wa dunia uipinde hewa hiyo, na sisi tupo nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, Pemba 5. Nguvu hiyo hapa ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kwenye ncha za dunia. Ndiyo maana vinavyotufikia huwa vimezaliwa mbali, kusini-mashariki.

Tazameni tarehe. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, kilipiga 15 Aprili 1872. Cha Lindi kilikuwa Aprili 1952, Kenneth kaskazini ya Msumbiji 25 Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, Hidaya kule Mafia 4 Mei 2024. Wakati huo ukanda wa mvua unarudi kaskazini kulifuata jua, na bahari bado ina joto la kiangazi. Kwa hiyo naomba mwezi wa nne usihesabiwe kuwa msimu umekwisha.

Mwenye barometa, yaani kipima mgandamizo wa hewa, asishtuke ikishuka saa kumi jioni. Katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Linganisha na saa ileile ya jana. Upungufu wa hektopaskali 3 (ndicho kipimo cha mgandamizo) ni wa kutiliwa shaka. Ukifika 5, amini dhoruba ipo karibu, na sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kila taarifa inapotoka.

Kila hektopaskali moja inayopungua huinua bahari sentimita moja, na upepo huongeza juu yake. Kwa maji mafu, siku yasipojaa sana, unaweza usione tofauti kubwa; kwa bamvua, siku za kujaa sana, maji hujaa mpaka penye nyumba. Ngalawa zipandishwe kwenye maji kujaa ya mwisho, upepo ungali wa kusini. Ukishageuka magharibi, mawimbi yatakuwa yanavunjika palepale mnapotaka kuziburura.