"Uvimbe Umeshatoka, Kipimo cha Nini Tena?"

Swali hili nimechoka kuulizwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Mgonjwa ni mtu mzima, utumbo umeziba, ametapika nyongo usiku kucha. Tumemfungua, tumekata kipande chenye uvimbe, tumeunga. Ndugu wanaona yamekwisha, na patholojia, yaani kupima kipande hicho maabara, wanaihesabu kuwa gharama ya bure.

Hayajaisha. Uvimbe unaokaa pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana unaweza kuwa limfoma (saratani ya chembe za kinga), saratani nyingine ya utumbo, au TB, na kwa macho matupu, hata yangu, hufanana mno. Tiba ndiyo haifanani. TB ina vidonge vyake vya miezi 6. Limfoma inataka kemotherapi, mara nyingi mchanganyiko wa dawa uitwao CHOP, na dawa ya rituksimabu ikiwa ni ya seli B, aina mojawapo ya chembe za kinga. Chembe zake husafiri mwilini, kwa hiyo hata nikitoa uvimbe wote ninaouona, nimezibua njia tu.

Ukikabidhiwa kipande, kifikishe maabara siku hiyohiyo, kikiwa ndani ya formalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kipande. Si maji, si spiriti, na tafadhali si friza ya nyumbani. Nimeona kimoja kimeletwa kwenye kopo la mayonezi, kimejikunja, maji yamekuwa rangi ya chai. Mwanapatholojia hakuwa na cha kusoma. Pimeni na VVU palepale, maana vinaongeza hatari ya limfoma na vinagusa mpango wa tiba.

Na haya mengine nayasikia kila siku. "Utumbo kuingiliana ni ugonjwa wa watoto." Ni pale sehemu ya utumbo inapozama ndani ya nyingine. Kwa mtoto mara nyingi chanzo hakionekani, na enema (maji au hewa kupitia njia ya haja kubwa) huweza kuurudisha utumbo. Kwa mtu mzima kwa kawaida kuna kitu kinachouvuta, limfoma ikiwemo. Huyo tunampasua.

"Limfoma huanza na mitoki ya shingo." Si lazima. Nje ya mitoki, njia ya chakula ndiyo inayoongoza.

"Choo kimefunga, mpe mafuta ya mbarika." Mtu hatoi hata ushuzi, tumbo limekaza, nanyi mnamharakisha utumbo utoboke! Asile, asinywe, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Na wale wa deksamethazoni, dawa ya jamii ya steroidi, "apate nguvu kidogo" kabla kipande hakijachukuliwa, acheni. Steroidi husinyaza limfoma kwa muda, kisha majibu ya maabara yanarudi hayaeleweki.