Mlango hauwi salama kwa sababu tu kifaa cha ukutani kinawaka: dhana potofu kuhusu mifumo ya kadi na alama za vidole

Mwenye jengo akitaka kukuonyesha mfumo wake mpya wa milango, atakupeleka moja kwa moja kwenye kile kifaa cha ukutani chenye taa ya buluu. Ataweka kadi au kidole, kifaa kitalia, mlango utaachia, naye ataridhika. Lakini kile kifaa ni sehemu moja tu. Nyuma yake kuna kontrola (boksi linaloamua nani afunguliwe), relei, pawa saplai na betri yake, kufuli lenyewe, sensa ya mlango, kitufe cha kutokea, na mita nyingi za nyaya ambazo hakuna anayeziulizia siku ya kununua. Makosa mengi ninayokutana nayo kwenye ofisi na majengo ya kupangisha hapa Dar es Salaam yamejificha kwenye vitu hivyo visivyoonekana, na karibu kila kosa lina imani fulani nyuma yake.

"Kifaa kikiwa cha kisasa, mlango uko salama"

Vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa kama mfumo kamili vina kila kitu ndani ya boksi moja: sensa ya kidole, orodha ya watumiaji na relei. Relei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme, na ndiyo inayopeleka au kukata umeme wa kufuli. Sasa angalia boksi hilo limefungwa wapi. Liko nje, upande wa mtu asiyeruhusiwa. Atakayelibandua kwa bisibisi atakuta nyaya za kufuli na za kitufe cha kutokea ziko wazi mbele yake, na akigusanisha zile mbili za kitufe, mlango unafunguka bila kidole cha mtu yeyote. Ubora wa sensa ya kidole hausaidii chochote hapo.

Kinachotakiwa ni kontrola kukaa ndani, kwenye chumba kinachofungwa, na nje kubaki kisoma peke yake. Kisoma kinasoma namba na kuituma. Kontrola ndiyo inayoilinganisha na orodha, kisha inaiamuru relei. Kama ni ofisi ndogo yenye mlango mmoja na bajeti hairuhusu kontrola kamili, watengenezaji wengi wanauza relei ndogo ya kufungwa upande wa ndani, inayopokea amri iliyosimbwa, yaani iliyofichwa kwa ufunguo wa siri, kutoka kwenye kifaa cha nje. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kifaa chenyewe, na naona vibaya sana fundi kumaliza kazi bila hata kumtajia mteja kwamba kitu hicho kipo.

"Kadi zetu hazinakiliki"

Inategemea ni kadi gani, na wateja wengi hawajui wanayo ipi. Kadi nene nyeupe na vile vidude vya buluu vya kuning'iniza kwenye funguo, mara nyingi hufanya kazi kwa masafa ya kilohezi 125. Chipu kama EM4100 haina siri yoyote ndani yake: ikipata nishati kutoka kwenye kisoma chochote, inatangaza namba yake, basi. Namba hiyo inaandikwa kwenye kadi tupu ya T5577 kwa sekunde chache, kwa kifaa kinachouzwa waziwazi mtandaoni.

Kadi za megahezi 13.56 zinaaminiwa zaidi, lakini hata hapo kuna historia ya kujua. MIFARE Classic, moja ya kadi zilizoenea sana duniani, ililindwa na msimbo uitwao Crypto-1 wenye ufunguo wa biti 48, ambao kampuni ilikuwa imeufanya siri. Mnamo Desemba 2007, kwenye mkutano wa Chaos Communication Congress jijini Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha jinsi walivyoufumbua kwa kuichunguza chipu yenyewe kwa hadubini. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walikamilisha uchambuzi wao. NXP, watengenezaji wa chipu, walikwenda mahakamani Arnhem kuzuia uchapishaji, na mahakama ikakataa. Kadi hizo bado zinauzwa na bado zinafungwa kwenye majengo mapya.

Jibu la kawaida ni kuhamia kwenye kadi za DESFire zinazotumia AES, aina ya usimbaji unaoaminika. Ni jibu zuri, ila lina mtego. Visoma vingi vya bei ya chini havisomi sehemu iliyolindwa ya kadi. Vinasoma namba ya utambulisho tu, ile ambayo kadi humpa yeyote anayeuliza. Ukitumia DESFire kwa kisoma cha namna hiyo, umelipia ulinzi ambao haujawahi kuwashwa. Kabla ya kulipa, mtake fundi aseme wazi: kisoma hiki kinathibitisha ufunguo wa kadi, au kinachukua namba tu? Asiyeweza kujibu hajaelewa anachouza.

"Waya ni waya"

Kati ya kisoma na kontrola, majengo mengi bado yanatumia Wiegand, mtindo wa kutuma namba kwa nyaya ulioshika tangu enzi za kadi zenye nyaya maalumu za sumaku ndani yake. Mfumo wake uliozoeleka zaidi una biti 26: biti 8 za namba ya eneo, 16 za namba ya kadi, na 2 za kuhakiki. Hesabu hiyo inatoa namba za eneo 256 na namba za kadi 65,536 tu, kwa hiyo kadi mbili zenye namba ile ile zinaweza kuwepo mji mmoja. Data inakwenda upande mmoja kupitia waya wa kijani na mweupe, bila usimbaji wowote. Anayejipachika kwenye nyaya hizo nyuma ya kisoma anaziona namba zote zinazopita, hata kama kadi yenyewe ni ya AES.

OSDP, mtindo mpya zaidi wa mawasiliano hayo, ndiyo mbadala. Inapita kwenye RS-485, aina ya muunganisho wa nyaya wa masafa marefu, inazungumza pande zote mbili, inaweza kusimbwa kwa AES-128, na inafika hadi mita 1,200, wakati Wiegand huishia karibu 150. Tangu 2020 ni kiwango cha kimataifa cha IEC, shirika la viwango vya umeme. Ila njia yake salama lazima iwashwe wakati wa kufunga; kubadilisha kisoma pekee hakutoshi.

"Sumaku ya kilo 280 haiwezi kushindwa"

Kufuli la sumaku ni sumaku ya umeme kwenye fremu, inayoshika bamba la chuma lililofungwa mlangoni. Kilo 280 ni kipimo cha maabara, bamba likiwa limelala sawasawa juu ya sumaku. Nafasi ya milimita moja tu kati yao inaondoa sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Ndiyo maana bamba la mlangoni hufungwa likiwa na raba nyuma, ili licheze kidogo na kujilaza lenyewe. Fundi anayekaza bolti mpaka bamba lisitikisike ameharibu kufuli siku ya kwanza. Wengine wanapaka rangi mlango na bamba pamoja. Kwenye miji ya pwani, chumvi ya hewani nayo inaleta kutu kwenye bamba lisilofutwa.

Adui mkubwa zaidi ni waya mwembamba. Kufuli la kawaida la volti 12 linavuta nusu ampia. Ukililisha kwa jozi moja ya nyaya za kebo ya mtandao, kwa umbali wa mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, na ukinzani wake unafika kama omu 5. Kufuli linaishia kupata volti 10 hivi. Linashika, taa inawaka, kila mtu anaamini limefunga, kumbe kijana mwenye nguvu akilivuta vizuri linaachia. Pima volti kwenye kufuli lenyewe. Kipimo cha kwenye pawa saplai hakitakuambia kitu.

Na dayodi, kile kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Umeme wa koili ya kufuli ukikatwa ghafla, koili inarudisha mshtuko wa volti nyingi unaounguza ncha za relei, na zikishikana kwa joto relei haitii amri tena. Kama kufuli halina kinga yake ndani, dayodi moja ya 1N4007, yenye bei ya karibu bure, ikiungwa kati ya nyaya mbili za kufuli inatosha. Mstari wake uelekee upande chanya.

"Umeme ukikatika, milango inajifunga"

Kufuli la sumaku linafanya kinyume: bila umeme halina nguvu hata kidogo. Limeumbwa hivyo kwa makusudi, watu waweze kutoka. Kwa stoo au chumba cha seva kuna kufuli la aina nyingine, lenye ulimi, linalobaki limefungwa kwa nje umeme ukikosekana huku kitasa cha ndani kikifungua kama kawaida.

Kwa hiyo mlango wa sumaku unategemea betri. Ile ya volti 12 yenye ampia-saa 7 inabeba kufuli, kontrola na kisoma, jumla kama ampia 0.8. Kwenye karatasi ni karibu saa 9. Ikiwa mpya kabisa, tegemea kama 7. Tena betri hizi hupimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake kwa takriban nusu. Betri iliyofichwa juu ya dari ya Dar es Salaam haiwezi kumaliza miaka iliyoandikwa kwenye boksi.

"Kitufe cha kutokea kinatosha hata moto ukizuka"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Kitufe cha kawaida kinapeleka ombi kwa kontrola, nayo ndiyo inayofungua. Kontrola ikiganda, kitufe ni pambo. Mlango wa sumaku ulioko kwenye njia ya kutokea unahitaji pia boksi la kijani la dharura, ambalo ncha zake zinakata umeme wa kufuli moja kwa moja, pamoja na relei kutoka kwenye paneli ya kengele ya moto inayofanya vivyo hivyo kwa milango yote kwa wakati mmoja.

Kulijaribu boksi hilo hakuhitaji kifaa chochote. Libonyeze, acha mlango wazi kidogo, subiri dakika nzima, kisha urudishe mlango taratibu. Sumaku ikishika tena yenyewe kabla hujalirejesha boksi kwa ufunguo wake, basi nyaya zimepelekwa kwenye kontrola kama kitufe kingine tu, na usisaini makabidhiano mpaka zifungwe upya.